Maumivu Yamebaki, Nami Nimebaki

Nyumbani, Prespa,
kupitia Resen.
14 Machi 2019

Mpendwa Dada Lozana,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Spase na wote wa nyumba hii. Hujambo, dada yangu? Moyo wako unaendeleaje, na ile miguu iliyokuwa ikivimba wakati wa joto? Najua huko Perth kiangazi ndiyo kwanza kinaaga sasa, nanyi mnaanza kupumua. Huku theluji imebaki juu mlimani tu. Bondeni ni matope, mtu akitoka uani anarudi na kiatu kimoja. Wifi yako Rajna hajambo, sauti yake ni ile ile unayoijua. Na mimi ni mzima. Hilo neno “mzima” nitakufafanulia hapo chini, maana najua ndilo unalolisubiri.

Binti yako Vesela ametuandikia kwamba masikio yako siku hizi hayaelewani na simu. Tulikuwa tumeshahisi. Wiki iliyopita nilikwambia ng'ombe amezaa, ukanipa pole na kuniuliza tumemzika wapi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Vesela atakusomea, na pale mwandiko wangu utakapomshinda, abuni mwenyewe.

Tena kwenye simu sikuwahi kukueleza mambo haya sawasawa. Nikianza tu, wewe unalia, nami nakatisha nakwambia habari za matufaha. Leo nitasema yote hadi mwisho. Ukitaka kulia, lia, ila mwambie Vesela aendelee kusoma.

Kilianza kiangazi cha mwaka juzi, mbele ya sikio la kushoto, pale kofia inapoishia na jua linapoanza. Kilikuwa kipele kidogo kama punje ya dengu. Hakikuuma, hakikuwasha. Rangi yake ilikuwa ya zabibu nyekundu, na kiling'aa kana kwamba kimepakwa mafuta. Nikasema ni nyigu, maana unajua jinsi walivyo kwenye matufaha yaliyoanguka. Rajna akasema, “Nyigu gani huyo anayeng'ata mwezi mzima?” Ilipofika sikukuu ya Ilinden mwanzoni mwa Agosti, kipele kilikuwa kikubwa kama cheri. Akanipeleka Bitola mwenyewe, amenishika mkono kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano.

Daktari wa Bitola, mama mmoja mpole aitwaye Ilčeska, alikata kipande akakipeleka kupimwa. Majibu yalipokuja alitukalisha wote wawili. Alisema, “Bwana Spase, hii ni saratani ya ngozi, tena ya nadra. Inaitwa Merkel. Huwapata zaidi wazee wenye ngozi nyeupe waliokaa juani miaka mingi. Inakwenda mbio, kwa hiyo na sisi itabidi tukimbie.” Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilikuwa naangalia viatu vyangu, vina udongo, nikawa najiuliza kwa nini sikuvifuta kabla ya kuingia.

Kule nje kwenye ukumbi Rajna alikaa kwenye benchi. Halafu akageuka akanitazama. “Maisha yako yote,” akasema, “hujawahi kushinda hata bahati nasibu ya kanisani. Kitu cha nadra cha kwanza unachopata, ndicho hiki?” Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kuona kuna nini. Tulikuwa tunacheka na tumeshikana mikono, na mikono yote minne ilikuwa ya baridi.

Upasuaji ulifanyika Skopje. Walitoa uvimbe na nyama nyingi kuuzunguka, wakatoa na tezi za shingo upande ule wote, kisha wakachukua ngozi ya paja wakanipachika usoni. Metodija, jirani yetu yule wa kisima cha juu, anasema sasa ndiyo anaelewa kwa nini siku hizi sina haya: nina uso wa paja. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia nilipofungua macho. Alikuwa amepanda basi la alfajiri kuja kuyasema.

Baadaye ikaja mionzi, wiki nyingi za mionzi. Nilikaa kwa Kiro, mwanangu, kule kwenye nyumba yake ya ghorofani. Kila asubuhi wananilaza juu ya meza, wananifunika kinyago kilichotengenezwa kwa umbo la uso wangu, wanakifunga mezani nisitikisike. Mashine inanguruma, nami namwomba Mungu nisije nikapiga chafya. Haiumi wakati ule. Kuuma kunakuja baadaye: koo likawaka, supu ikawa kama moto, na mate yakakauka. Mpaka leo mkate siumezi bila maji, na jibini nalijua kwa macho kuliko kwa ulimi.

Walipomaliza niliwaomba kile kinyago. Wakaniuliza cha nini, nikasema ni ukumbusho. Kumbe nilikuwa na mpango. Nilikivisha kofia yangu ya zamani, nikakiweka juu ya mti katikati ya shamba kiwatishie ndege. Ndege waliogopa siku mbili. Watu wanaogopa mpaka leo. Mama Petkana alipita jioni na mbuzi wake, akauona uso wangu mweupe hauna macho unamtazama kutoka kwenye matufaha, akapiga ishara ya msalaba, akarudi mbio kijijini kusema Spase ameshakufa na ameanza kuzurura. Rajna alipokea rambirambi mbili kabla sijafika nyumbani kunywa kahawa.

Na wageni je! Unazijua desturi zetu. Walikuja na sukari na kahawa, wakakaa, wakazungumza kwa sauti ya chini kana kwamba mshumaa wa maiti umeshawashwa. Binamu yetu Trena alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Rajna, mbele yangu, akasema, “Angalau mlimaliza kuezeka paa.” Nikamwambia, “Trena, mimi bado nasikia. Walikata mbele ya sikio, hawakukata sikio.”

Basi hayo ndiyo unayoyajua nusu nusu. Sasa nakuja kwenye yale ambayo sijakwambia kabisa.

Saratani waliitoa, lakini maumivu hayakuondoka. Upande wote wa kushoto, kuanzia sikioni kushuka shingoni mpaka begani, una ganzi na unauma kwa wakati mmoja. Usiniulize inawezekanaje. Nikishika sikio silisikii, lakini lenyewe linaungua. Nikichana nywele, kitu kama umeme kinapiga mpaka menoni. Kola ya shati inanikwaruza. Mkono wa kushoto haupandi juu ya bega, maana mshipa unaouinua walilazimika kuugusa walipotoa tezi. Na upepo ukishuka kutoka mlimani, dada, natamani niweke kichwa ndani ya tanuri.

Watu hawajui. Wao wanaona nimerudi, nina uso, natembea. Wananipigapiga begani kwa furaha, “Umeishinda, Spase!” na wote, sijui nani kawafundisha, wanachagua bega la kushoto. Machozi yananitoka, wanadhani ni shukrani. Na mimi mwenyewe nilijiambia: umepona, sasa unalalamika nini? Wenzako uliokuwa nao wodini wengine hawapo. Basi nikawa nanyamaza.

Wakati wa mavuno ya mwaka jana maumivu yalibadilika. Yale ya kuungua niliyazoea. Haya yalikuwa kama kisu, yanakuja ghafla kutoka sikioni hadi kwenye mfupa wa mtulinga, na pembeni mwa kovu nikagusa kitu kigumu kama mbegu. Nikajua imerudi. Sikumwambia mtu. Matufaha yalikuwa mtini, Rajna yuko juu ya ngazi siku nzima kwa sababu mimi siwezi, nami nipo chini napokea ndoo. Ningemwambia nini?

Badala yake nikaanza kumfundisha. Nikamwonyesha dawa ipi inapigwa lini, namna ya kuwasha trekta ikiwa inakohoa, matawi gani ya kupogoa Februari na yapi ya kuacha. Siku ya kwanza alisikiliza huku akichuma. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilikuwa nimeshika tawi, naeleza, akashuka kwenye ngazi akasimama mbele yangu.

“Wewe mzee,” akasema, “kwa nini unanifundisha kupogoa miti ambayo naipogoa mimi tangu tuoane?”

Nikasema nakumbusha tu.

“Spase, nitazame. Imerudi?”

“Sijui.”

“Hujui, au huniambii?”

“Sijui, Rajna. Kuna kitu hapa. Kinauma vibaya.”

Alivua glavu, akaweka kidole pale, taratibu kabisa. Kidole chake kilikuwa na harufu ya matufaha. Kisha akasema, “Kama hujui, na mimi sijui, twende kwa anayejua.” Nikamwambia matufaha hayangoji, lori linakuja Alhamisi. Akasema, “Yaoze.” Hivyo tu. Mwanamke ambaye akiona tufaha limedondoka njiani anarudi nyuma kuliokota. Asubuhi yake tulikuwa ndani ya basi la Skopje, na nusu ya mavuno yetu ilikuwa bado mtini.

Walinipiga picha, wakachukua sampuli kwa sindano, wakatuambia tungoje. Tulingoja kwa Kiro. Siku zile sitaki kuziandika sana. Nilirekebisha mabomba yote ya nyumba yake, hata yasiyovuja. Rajna alioka burek, ile mikate yetu ya jibini, asubuhi na jioni mpaka mkwe wetu Biljana akawa anawagawia majirani wa jengo zima. Usiku tulilala tukisikilizana, kila mmoja akijifanya amelala ili mwenzake apate usingizi.

Siku ya majibu tulipelekwa kwa daktari mwingine, wa mambo ya maumivu. Ni binti wa Kituruki wa hapa hapa Resen, Daktari Sevim. Babu yake ndiye aliyekuwa akitutengenezea viatu, utamkumbuka. Aliona tumekaa vipi, hakutuzungusha. Akasema, “Baba, haijarudi. Picha ni safi, na sampuli ni safi. Hicho kigumu ni kovu limejikunja, limeubana mshipa wa fahamu. Ile mishipa iliyokatwa inajaribu kuota tena, na inapotea njia. Ndiyo inayokupiga hivyo.”

Rajna akauliza, “Kwa hiyo yataisha?”

Binti yule akashusha sauti, akawa kama anayetupa habari ya msiba. “Nitampa dawa, na mazoezi, na yatapungua. Lakini sitaki kuwadanganya, mama. Maumivu haya huenda akaishi nayo maisha yake yote.”

“Maisha yake yote?”

“Samahani sana. Ndiyo.”

Dada, Rajna alisimama, akauchukua mkono wa yule binti akaubusu. Mtoto wa watu akashtuka, akatazama karatasi zake akadhani amesema vibaya. Hakujua. Tangu tuingie jengo lile hakuna daktari aliyekuwa ametupa neno hilo. Wengine walisema tutaona, wakasema kwa sasa, wakasema baada ya miezi mitatu. Huyu ndiye wa kwanza aliyesema maisha yote, na mimi katika maneno yake yote nilikuwa nimesikia hilo moja tu.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi karibu na geti. Rajna alikuwa na burek iliyobaki ndani ya mkoba, akaikata vipande viwili. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, huku anatafuna. Nikamwambia ameze kwanza. Akasema, “Usinifundishe kula na kulia, hayo nayajua.”

Tuliporudi kijijini tulikuta makasha yamepangwa chini ya banda. Metodija na wanawe walikuwa wamechuma walichoweza kabla ya lori. Yale ya vileleni mwa miti yalipigwa na baridi yakaanguka, na hayo tuliwapa ng'ombe. Nilikwenda kumshukuru akanikatisha, “Usinishukuru. Mabovu nimeyaweka juu makusudi, unitukane upate nguvu.” Nikamtukana. Tukanywa rakija yake, ile pombe kali ya matunda, mimi kijiko kimoja tu kwa sababu ya koo, naye kilichobaki chote.

Sasa nakuja kwenye lile neno “mzima”. Nakwambia hali yangu kama ilivyo. Namwona daktari kila baada ya miezi michache, na kabla ya kila safari nakuwa kama mtoto wa shule siku ya mtihani. Hilo sidhani litaisha. Usiku nameza vidonge vya mishipa, asubuhi vinanifanya mzito mpaka saa nne. Nafanya mazoezi ya mkono: nasimama karibu na mlango, natembeza vidole ukutani kwenda juu kama buibui. Rajna anaweka alama ya penseli pale vinapofika. Zile alama za kimo cha Kiro tulizopiga hapo akiwa mdogo zilinipita mwanzoni. Mwezi uliopita nilimpita akiwa darasa la pili, nikampigia simu kumtambia.

Kuna siku mbaya. Siku za upepo nakaa ndani na skafu laini ya Rajna, ile yenye maua, na atakayecheka acheke. Siku nyingine naamka, navaa, nakwenda kwa ng'ombe, nakamua, ninarudi, ndipo nakumbuka kwamba naumwa. Zamani nililala upande wa kushoto nikiangalia dirisha. Sasa siwezi, nalala kulia, namwangalia Rajna. Anasema baada ya miaka yote hii hakutegemea kutazamwa tena, na kwamba nizime taa.

Wengine hapa wanadhani nimekuwa mtu mwenye subira. Si kweli, nagomba kama zamani. Ila nina furaha, dada. Nimejaribu kutafuta neno la unyenyekevu zaidi nimelikosa. Naumwa, na nina furaha, na vyote viwili vinakaa ndani ya nyumba moja bila kuulizana kodi.

Wiki iliyopita tulipanda miche mipya pale kwenye kipande cha marehemu mama, kulikokuwa na ile miti iliyozeeka. Mnunuzi mmoja wa Ohrid alikitaka kile kipande tangu nilipougua. Alikuwa akija na maneno matamu, anamtazama Rajna kama mjane. Nilimwambia asije tena. Metodija aliegemea ua akatutazama tukichimba.

“Itazaa lini hiyo?” akauliza.

“Miaka mitatu, minne.”

“Na wewe ndiye utakayekula?”

“Nitakula mimi. Wewe nitakurushia maganda.”

Akaruka ua, akachukua jembe mkononi mwangu, akachimba mashimo yaliyobaki huku ananung'unika kwamba nimeyaanza vibaya.

Na wewe, dada, nina ombi. Huko mnakaa kwenye jua linaloshinda letu, na ngozi yako ni hii hii ya kwetu. Mwambie Vesela akutazame vizuri, nyuma ya masikio, shingoni, kichwani penye nywele chache. Akiona kitu kidogo kinachong'aa ambacho jana hakikuwepo, hata kama hakiumi, usiseme ni nyigu.

Wasalimie wote. Shemeji Dobre mpe salamu za pekee, mwambie rakija yake ninaitunza, yaani najua ilipo. Vesela na mumewe tunawabusu. Watoto wao nao, hata wale wasioelewa lugha yetu, wabusu tu wataelewa. Kiro na Biljana wanakusalimu. Trena anakusalimu pia, na anauliza kama paa lenu ni zima. Mungu akufunike kwa mkono wake, Mtakatifu Petka akushike njiani, na akupe masikio mapya au watu wenye sauti kubwa.

Vesela ameandika kwamba tiketi imekatwa na Septemba utakuwa hapa. Rajna ameshaanza kupaka rangi chumba, na kila siku anabadilisha mawazo kuhusu rangi. Nitakuja mwenyewe stendi ya Resen kukupokea. Tangu tumzike mama hatujaonana, na mtu uliyemwacha siku ile alikuwa na shavu zima na mabega sawa. Usimtafute huyo. Tafuta mzee mmoja mwenye kofia pana, shingo imelala kidogo upande wa kushoto kama anayesikiliza kitu. Usishtuke ukimwona, wala usimwonee huruma. Ni mimi, dada. Nimekuja kukuchukua twende nyumbani.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Spase